Taa ya Joto, Maskati, Mwezi wa Julai

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua taa ya joto. Naomba msomaji asilipite haraka. Ninaishi Maskati. Ilikuwa Julai, mwezi ambao usukani wa gari unaunguza viganja na bomba la maji baridi linatoa maji ya kukorogea chai. Katika mji huo, mwezi huo, mimi, mtu mzima mwenye shahada, ambaye kazi yangu ofisini ni kukagua makosa ya wenzangu, niliingia dukani Ruwi nikauliza kama wana kifaa cha kuongeza joto. Muuzaji alinitazama, akatazama nje kupitia kioo, akanitazama tena. Akasema ipo moja, imekaa sana. Akaipangusa vumbi.

Taa ilikuwa ya makobe. Mkaza mjomba wangu, anayeishi Madinat Sultan Qaboos, ana kobe jike bustanini, mpana kama sinia la biriani, na huyo jike alikuwa ametotoa. Nilipokwenda kusalimia nikapewa vikobe wawili ndani ya boksi la tishu, kila mmoja anaenea kiganjani. Nikauliza wanatunzwaje.

“Majani, maji, kivuli,” alinijibu huku akitafuta simu yake chini ya mito. “Na usiwashikeshike.”

Nilimwona mzembe. Viumbe vyenye uhai, na yeye ananipa maneno ambayo hayajazi hata ujumbe wa simu! Nikaondoka na boksi langu nikiwa nimeshaamua kwamba makobe hawa watapata malezi ambayo kobe wa Kiarabu hajawahi kuyapata.

Mimi ni mtu wa kujifundisha mwenyewe. Kila kitu ninachokijua vibaya nimejifundisha mwenyewe. Nilikesha na video za wanaume wenye ndevu na sweta nzito, nyuma yao theluji imeganda dirishani, wakieleza jinsi ya kumkinga kobe na baridi. Walisema kobe ni mnyama wa jangwani, akipata unyevu kifua kinaoza. Walisema kwa utulivu mkubwa, na mimi namwamini mtu yeyote anayesema kwa utulivu, kwa kuwa mwenyewe sijawahi kuuonja. Haikunijia hata mara moja kwamba wale walikuwa wakiwashauri jirani zao, si mimi niliyeko Khuwair ya Kusini, hapa Maskati.

Basi nikaweka tangi la kioo juu ya kabati chumbani kwangu. Ndani nikamwaga mchanga mkavu nilioupepeta. Juu nikafunga taa. Na kwa kuwa mimi silali bila esi, yaani kiyoyozi, kuwa nyuzi kumi na nane, nikaiacha kumi na nane. Esi ikipuliza baridi, nasogeza taa karibu. Taa ikizidi, nashusha esi. Nilikuwa nanunua baridi ili nilale, na nanunua joto ili makobe wasidhurike na baridi niliyoinunua, na joto la bure limesimama nje ya dirisha linatutazama.

Mdogo wangu wa kike alisimama mlangoni siku ya pili, amejifunga shali.

“Kaka, hizi mashine mbona unazigombanisha?”

“Ni mazingira maalumu.”

“Nje bure.”

“Nje ni hatari.”

“Nje ndiko wanakokaa kobe tangu dunia kuumbwa. Humu ndani wanakaa samaki wa kugandisha.”

Nikamwomba afunge mlango, anatoa hewa yangu.

Nilikuwa napima kila kitu. Majani niliyakata kwa mkasi mpaka yakalingana. Makobe niliwapima uzito kabla ya kula na baada ya kula, kwa mizani ya jikoni, na mmoja akijisaidia uzito ukashuka, moyo wangu nao ulishuka. Mama aliingia jikoni akamkuta mkubwa wa wale wawili ameketi juu ya mizani kama mkate.

“Hii mizani nnapimia unga wa maandazi.”

“Nitaiosha, mama.”

“Ioshe, halafu ikae huko huko na wewe. Mama yangu alipima kwa macho na hakuna aliyekufa.”

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, jamaa wakaja kuwaona makobe, kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni na chupa ya dawa ya kunawia mikono. Watu wazima, wengine wametia udhu muda si mrefu, wakapanga foleni kunyoosha viganja. Shangazi yake baba, mtu ambaye hata baba mbele yake huvua miwani, alichukua tende kwenye sahani, akaitoa kokwa, akaielekeza kinywani mwa yule kobe mdogo.

“Karibu mgeni,” akamwambia. “Fungua kinywa.”

Nikampokonya tende.

Katika nyumba zetu hatukatai hata kahawa iliyoungua. Mimi nilipokonya tende kutoka vidoleni mwa shangazi yake baba, mbele ya watu, kisha nikatoa mhadhara juu ya sukari na utumbo wa kobe. Mama alikuwa akitazama zulia. Shangazi alijifuta vidole taratibu, kimoja kimoja.

“Wewe ulipozaliwa nilikusugulia tende kwenye kaakaa kabla hata hujanyonya,” alisema. “Na utumbo wako upo.”

“Ndiyo maana ametoka hivi,” mdogo wangu akadakia, na watu wakapata nafasi ya kucheka.

Wiki hiyo hiyo kobe mdogo aliacha kula. Macho yalivimba, kisha yakafumba. Nilifanya nilichokuwa nakijua: nikasogeza taa karibu zaidi na kubadilisha mchanga kwa mchanga mkavu zaidi. Mkubwa alijichimbia pembeni, mbali na mwanga, na mimi nikamchimbua na kumrudisha chini ya taa, kwa faida yake. Asubuhi moja nilimgusa mdogo kichwani na hakukirudisha ndani. Kobe akiguswa huingia ndani ya gamba lake, hiyo ndiyo kazi yake kubwa duniani. Huyu hakuwa na nguvu ya kujificha. Kichwa kilikuwa kimelala juu ya mchanga niliompepetea, chepesi, kikavu, na hapo sikuwa na video ya kutazama. Nilijua tu kwamba anakufa na kwamba ni mimi ninayemuua, kwa bidii.

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa umri wangu. Alimgeuza, akamfinya ngozi ya shingo, akaona inabaki imesimama.

“Anakaa wapi?”

“Chumbani kwangu.”

“Esi?”

“Kumi na nane.”

“Na taa?”

“Juu yake. Mchana kutwa.”

Aliandika kitu. “Nyumba yenu iko Maskati?”

“Khuwair ya Kusini.”

“Nilidhani Norwe.” Hakutabasamu. “Huyu hana ugonjwa. Ana kiu. Hata huko jangwani kobe mchanga anakaa chini ya mizizi, penye udongo wenye maji. Wewe umemtia katikati ya vikaushio viwili.”

Akanipa masharti: beseni la maji ya vuguvugu kila siku, udongo wenye unyevu, jua la asubuhi penye kivuli cha kukimbilia, na asikae tena kwenye chumba chenye esi.

“Ataishi?”

“Kama figo hazijachoka. Akikojoa, tutajua zinafanya kazi. Na usimshikeshike.”

Nyumba yetu ina chumba kimoja tu kisichowashwa esi Julai, nacho ni cha bibi. Bibi anasema esi inamwingia mifupani. Ana feni, dirisha la uani, na ndoo ya maji ya udhu isiyokauka, na kile chumba kinatoka jasho kama sufuria iliyofunikwa. Sisi wajukuu, miezi ya joto, humwamkia kutoka mlangoni na kukimbia. Nikasimama pale pale mlangoni, nimekumbatia boksi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Leo umepotea njia?”

“Nakuomba niwalete makobe kwako. Mdogo mgonjwa.”

“Hebu nimuone.” Akachungulia. “Huyu si kobe tena. Huyu samaki wa ng'onda.”

“Ndiyo, bibi.”

“Wananuka.”

“Kidogo.”

“Haidhuru, nitafukiza udi.”

“Bibi, moshi hauwafai.”

Bibi hufukiza chumba chake kila Alkhamisi magharibi, nguo, mito na nywele zake, tangu alipokuwa Unguja. Mimi sijui harufu yake bila udi.

“Yaani nihamishe chetezo changu kwa sababu ya kobe?”

“Mpaka apone, bibi.”

“Sikuwapenda tangu siku ya kwanza, nnakwambia ukweli. Lakini weka hapo. Na wewe una masharti. Hiyo taa isiingie humu. Mizani isiingie. Na wewe usiingie ila nikikwita. Nnakujua. Utamkalia ukimpumulia mpaka afe kwa haya.”

Asubuhi tu niliruhusiwa, kumwekea maji. Nikirudi kazini, nilikuwa mtu wa nyuma ya mlango.

“Bibi, amekula?”

“Sijamuuliza.”

“Amefumbua macho?”

“Mimi mwenyewe nna mtoto wa jicho, nitayajuaje ya kobe?”

Nilikaa koridoni mgongo ukiwa ukutani, mikono haina la kufanya. Hapo ndipo nilipoona, kwa aibu, kwamba sehemu kubwa ya huduma zangu ilikuwa ya kuitibu mikono yangu. Kukata, kupima, kugeuza. Kobe hakuwa ameomba hata moja.

Kisha asubuhi moja, nimeshamwekea maji na niko koridoni, nikasikia ukelele.

“Njoo! Njoo uone mambo ya huyu mwanaharamu wako!”

Nikaingia mbio. Bibi amesimama na mkono ameunyoosha mbali na mwili, mkono wa kanzu unatiririka, na kiganjani amemshika mdogo aliyekuwa amemtoa besenini.

“Amenikojolea! Nshatia udhu mimi, nataka kusali dhuha, amenikojolea mpaka kiwiko!”

Niliangua kilio. Sikujizuia hata kidogo.

“Unalia nini wewe?” bibi akafoka. “Mwenye najisi ni mimi!”

Nikampokea. Jicho moja lilikuwa limefunguka nusu, jeusi, lina maji. Nilipomgusa kichwani akakirudisha ndani kwa kishindo kidogo, na sijawahi kufurahia kukataliwa kama siku ile. Bibi alikwenda kuoga na kubadili nguo, akiniapiza njia nzima hadi bafuni. Alipotoka alinikuta bado nimemshika.

“Mwache chini,” alisema. “Nilikwambiaje?”

Nikamwacha chini.

Huo ni mwaka mmoja na ushei sasa. Gamba la mdogo lina vilima ambavyo daktari anasema havitalainika, na vile ni vyangu mimi. Mkubwa ni laini. Mchana kunapokuwa na joto kali wanakaa chumbani kwa bibi, asubuhi wanakuwa uani chini ya mirihani, kwenye udongo uliolowa. Chetezo hakikurudi chumbani. Bibi anafukiza koridoni na kulalamika kila Alkhamisi. Mizani ilirudi kwa mama na hakuna anayeitumia. Shangazi yake baba nilimwendea na tende, akaipokea, akaniambia nile kwanza mimi.

Esi yangu naiweka ishirini na nne. Kabla ya kazi nabadilisha maji, naweka majani yasiyokatwa, natoka. Siwagusi.