Viatu vya Ukerewe

Fundi viatu wetu hapa mtaa wa Mukendo hushona na uzi mdomoni, na huo uzi hautoki ila kwa chakula au neno zito. Kila soli akiimaliza huikunja, huipiga pajani, kisha huinusa kama mkate. Mwezi ujao yeye na mkewe wanatimiza miaka thelathini ya ndoa, na safari ni Ukerewe: basi hadi Kisorya, kivuko, kisha miguu. Binti yao alipotaka kuwakodia gari, uzi ulitoka. "Gari ya nini? Kisiwa tutakitembea." Jana mchana mkewe alileta ugali, akapiga magoti kumnawisha mikono kama siku zote. Fundi alikula, akarudisha uzi mdomoni, akamkalisha mkewe kwenye kigoda cha wateja. Akatandika boksi chini, akapiga magoti, akaanza kuuchora mguu wa mkewe juu ya boksi kwa kalamu, kipimo cha viatu vya safari. Wapita njia wakasimama kutazama. Dereva mmoja wa bodaboda akacheka: "Fundi, unampigia mwanamke magoti?" Uzi ukatoka. "Yeye ananipigiaga kila siku. Mbona hamjawahi kusimama?" Mkewe hakuinamisha uso. Alikaza shingo, akawatazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha mguu wa pili.