Nilivyomtania Mfiwa

Jamani, mdomo wangu umeniponza. Vita vya Maji Maji vimekwisha, njaa imebaki, nasi tunafyatua matofali ya boma la Wajerumani hapa Songea. Mwenzangu Saidi hasemi na mtu. Nikasikia ametokea Ubena. Wabena ni watani wetu sisi Wangoni, na mtani hutania hata msibani, basi nikaona utani ndio utatupatanisha.

Jana akaja amenyoa kichwa. Nikajua amefiwa. Nikapaza sauti: "Mlafi gani amekufa kwenu? Sasa mtashiba!"

Nikacheka peke yangu. Saidi akaweka tofali chini.

"Ubena nilikimbilia tu wakati wa vita, kaka. Mimi Mngoni kama wewe. Aliyekufa ni mwanangu. Amekufa kwa njaa."