Soketi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliletwa Homa Bay kutoka kisiwa cha Mfangano akiwa na magongo mawili na hasira nyingi. Alikuwa ameteleza kwenye mawe ya ufuoni akianika omena, wale dagaa wa ziwani, akavunjika paja. Chuma kiliwekwa, mshono ukapona, lakini goti lilikataa kukunjika. Daktari alisema wazi: mazoezi hospitalini mara tatu kwa wiki, na nyumbani ainuke atembee kila siku. Akishinda amelala, mguu utakauka vile vile na hatatembea tena bila magongo.

Kwangu hangeweza kulala. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania, yeye ni wa kisiwani, lakini katika jambo hili kwao na kwetu ni mamoja: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, wala hawaketi sebule moja wakitazamana. Tukamkodishia chumba kilichokuwa wazi kando ya nyumba yetu, ghorofa ya pili, ukuta kwa ukuta. Mke wangu akahamia huko kumuuguza, mimi nikabaki na sufuria zangu.

Siku ya nne mama alianza kudai kurudi kwake. Mchana mke wangu yuko dukani, mimi niko shuleni, naye anatazama dari. Nikasema dawa ya upweke huo ni televisheni, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia, sitaita fundi.

Soketi ya televisheni ilikuwapo ukutani mwake, ukuta ule ule tuliopakana. Nilichomeka televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo. Chenga tupu. Keateka, mwangalizi wa ploti, alisimama mlangoni akinitazama nikipindisha waya.

"Mwalimu, hiyo ni urembo tu," akasema. "Antena ya juu ilibebwa na upepo kabla hujahamia."

Nusura nimrushie bisibisi. Nilirudi kwangu, nikafungua soketi yangu, nikakuta nyaya za soketi zote mbili zimeunganishwa ndani ya ukuta. Basi nikatoa waya nyuma ya king'amuzi changu, nikauchomeka kwenye soketi yangu, na picha zikaingia kwa mama bila kupitia paani. Nilijipongeza sana. Nilichosahau, na fizikia yangu yote, ni kwamba king'amuzi kimoja hutoa chaneli moja. Nilichotazama mimi ndicho alichotazama yeye.

Jioni hiyo nilinyoosha miguu nikitazama tamthilia ya mapenzi ambayo shuleni hujitia siijui. Wale wawili walianza kusogeleana. Nikasikia maneno yao yakitoka mara mbili, kwangu na ng'ambo ya ukuta, ndipo nikaelewa. Nilirukia rimoti, ikaniponyoka ikaingia chini ya kochi, betri zikatawanyika, nao wakaendelea kubusiana raha mustarehe. Nilipofika kung'oa plagi, mambo yalikuwa yamefika mbali.

Asubuhi mke wangu alikuja macho mekundu. Mama amefunga nguo zake. Nilimsikia mwenyewe kupitia ukutani, akisema kwa Kiswahili makusudi ili nami nisikie, maana Dholuo yangu, lugha yao, ni ya kuombea maji tu.

"Mimi na orwa tuliangalia hiyo kitu pamoja," alisema, na orwa ni mimi, mkwe wao. "Ukuta iko, lakini macho yetu ilikuwa mahali moja. Nirudishe kwangu."

Nilijichukia. Kisiwani angelala kitandani hadi goti ligeuke mti, na ingekuwa kwa ajili ya ujuaji wangu. Mke wangu ndiye aliyepata njia. Alimwambia rimoti haiwezi kufika kwake, lakini ukuta ni wake. Akiona asichotaka, agonge, nami nitabadilisha papo hapo. Mama akakubali kujaribu wiki moja.

Siku ya kwanza niliweka mpira wa Ulaya. Nikasikia gongo, hatua, pumzi nzito, gongo tena. Ngo! Nikaweka nyimbo za injili, akarudi kitandani. Kitanda chake kilikuwa mbali na ukuta huo. Nikahesabu kwa sikio: hatua tano kuja, tano kurudi. Huyu ndiye mgonjwa aliyekuwa akiwanunia wahudumu wa mazoezi.

Basi uovu ukaniingia. Kila nikitoka shuleni, namwekea mieleka. Ngo! Mapishi ya Kizungu. Ngo! Wabunge wakizozana. Ngo! Ngo!

"Unamtesa mama yangu," mke wangu akanishutumu.

"Namtembeza," nikajibu.

Baada ya wiki kadhaa nikawa nasikia gongo moja badala ya mawili. Tena nikagundua anapenda vipindi vya wanyama. Nyani akimwibia mtalii ndizi, mama aliangua kicheko, nami nikacheka upande wangu. Nilikuwa nimemwoa bintiye miaka kumi na moja na sikuwahi kumsikia mama huyu akicheka. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, na siku hiyo sikumchokoza tena.

Jumamosi moja alasiri, mke wangu akiwa dukani, niliweka mwanasiasa akifoka kwenye mazishi. Nikangoja. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikatega sikio ukutani, sikusikia hata kitanda. Labda ameanguka, na ni mimi niliyemwinua kwa mchezo wangu, tena siwezi kuingia chumbani mwake peke yangu. Nikasema liwalo na liwe, nikakimbilia mlango, nikaufungua.

Alikuwa amesimama koridoni, hatua moja kutoka kizingiti changu. Mkono mmoja ulishika reli, mwingine ulikuwa umeinuliwa kubisha. Gongo hakuwa nalo hata moja. Hakuingia, wala hakunitazama usoni. Alitazama sakafu, akatweta kidogo, kisha akasema:

"Orwa, toa huyo mtu."

Niligeuka haraka kutafuta rimoti iliyokuwa palepale mezani, nikakawia makusudi nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka mama mkwe anione.