Kipande cha Tatu cha Kalibu

Matumaini alikuwa mwanamke wa kumeza mambo. Tangu afike Haltom City kutoka Kongo alikuwa amemeza mengi, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Lakini siku ile Houston hasira ilimkaa kooni, ikakataa kushuka.

Mwenye karakana alikofanya kazi alikuwa Gichuki, Mkenya wa Arlington. Alitengeneza vyombo vya kioo kwa mtindo wa Warumi wa kale: kioo kilichoyeyuka kinapulizwa ndani ya kalibu, nacho kinatoka na nakshi zote zilizochongwa humo. Gichuki alipuliza. Kalibu alizichonga Matumaini, kwa udongo wa kuchoma, jikoni kwake, jani la mzabibu baada ya jani, mpaka macho yakauma. Siku moja waliona katika jumba la makumbusho kikombe cha kale chenye jina la fundi wake ubavuni. Naye Matumaini akachonga lake ndani ya kalibu: Matumaini alinitengeneza. Hakutaka kingine.

Sasa huko Houston, kwenye maonyesho, mama mmoja wa mtaa wa Sharpstown aliinua kikombe akasoma kwa sauti: "Gichuki alinitengeneza." Akampa Gichuki mkono wa pongezi. Na Gichuki akaupokea, anatabasamu kama bwana harusi! Alikuwa ameliziba jina la Matumaini kwenye kalibu kwa udongo, akachonga lake palepale, tena kwa herufi zilizopinda. Uso mkavu wa namna gani huo?

Kesho yake karakanani tanuri lilikuwa linawaka, vikombe vya oda vinasubiriwa. Hapo Matumaini akauliza kwa nini jina lake limefutwa.

"Mama Carmel, wacha hizo," Gichuki alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Hiyo ni kitu ndogo. Si mimi ndio na-blow? Wateja wanajua jina moja tu."

"Kama ni kitu kidogo, patron, juu ya nini ulikifuta?" alisema Matumaini; patron ndivyo alivyozoea kumwita bosi wake.

Gichuki alicheka, akampa mgongo, akaenda kuchota kioo tanurini.

Kalibu ile ilikuwa na vipande vitatu vilivyofungwa pamoja kwa waya. Kikikosekana kimoja, kioo kinafura nje na kazi imeharibika. Matumaini alifungua waya. Akakitoa kile alichokuwa amechonga jina lake, akakifunga katika kitenge, akakitia mkobani.

Gichuki aligeuka, bomba la kupulizia mkononi, kioo chekundu kinaanza kuning'inia.

"Mama Carmel! Rudisha!"

"Si wewe ndiye unapuliza?" alisema Matumaini, ameshafika mlangoni. "Basi, patron, puliza."