Chumvi ya Panya wa Sepuka

Wenzangu niliomaliza nao sekondari walibeba masanduku wakaenda kutafuta kazi mbali. Mimi nilirudi Sepuka kwa mama, nikapata kazi ya kulea panya. Enzi hizo za Mwingereza, daktari mmoja mzungu alipiga kambi nyuma ya soko, akitafuta ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na mbu. Sisi wasaidizi tulikamata mbu, yeye akawasaga na kuvidunga vitoto vya panya weupe mchuzi huo kichwani. Kisha tukangoja kuona kama vitatetemeka, dalili ya ugonjwa wenyewe.

"Umesoma miaka yote hiyo uje uwe yaya wa panya?" mama aliniuliza.

"Ni panya wa serikali, mama."

"Basi wasalimie."

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu. Daktari alikwishatuambia: msimu ule tusipoupata ugonjwa, kambi itahamia kando ya ziwa kubwa, nami nihame nayo. Mimi, ambaye nikilala hapo Shelui tu sipati usingizi kwa kukikumbuka kitanda changu.

Asubuhi moja nikakuta vitoto viwili vinatetemeka. Furaha haikudumu, maana mama yao alikuwa anavisukuma nje ya kiota, na panya akishamkataa mwanawe humla. Daktari alihitaji bongo zao. Nikakumbuka nyumbani: ng'ombe akimkataa ndama, mama humpaka ndama chumvi, ng'ombe akamlamba mpaka akamzoea. Nikaomba chumvi kwa mpishi wa kambi, nikakipaka kitoto cha kwanza sawasawa. Cha pili kiliambulia vumbi lililobaki kiganjani. Panya akaanza kulamba. Nikajiona mtaalamu, nikaenda kumwita daktari kwa mwendo wa maringo.

Tuliporudi, kile cha chumvi nyingi kilikuwa kimebaki mkia.

Daktari akagusa chembe nyeupe kwenye kiota. "Hii ni nini?"

"Chumvi, Bwana Daktari. Kwetu ng'ombe akimkataa ndama..."

"Huyu si ng'ombe."

"Naona, bwana."

Daktari akakichukua kitoto cha pili, ambacho kilikuwa hakijaliwa, akasaga ubongo wake na kuvidunga vitoto vingine. Siku za kungoja nilikwisha hata kulikunja blanketi langu la safari. Halafu navyo vikatetemeka.

"Ugonjwa tumeupata. Tunabaki hapa," daktari alisema. "Chumvi nayo ibaki jikoni."

Jioni nilimsimulia mama yote. Akaniandalia ugali na mlenda. Nikaonja. Mlenda haukuwa na chumvi hata kidogo.

"Nimeificha," alisema. "Sijui leo utampaka nani."