Sinia la Mwaka Usio Wake

Kaka yangu Harlan Dykstra amekagua magari ya zamani hapa Saginaw kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Juni, kwenye maonyesho, yeye hutangulia na tochi na mimi humfuata nikiandika alama. Akikaribia, wanaume wazima wenye vitambi vyao huacha kutafuna soseji. Gari likiwa na kipande cha mwaka mwingine, hata kiwe kidogo namna gani, linakatwa alama, na Harlan hulitangaza hilo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nampenda, lakini ni mtu wa kukera.

Jumanne iliyopita alinipigia simu asubuhi.

"Verna, njoo gereji."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Kahawa sikuimaliza.

Nilimkuta amesimama mbele ya gari lake la mwaka sitini na tisa, boneti iko wazi. Magari yale yana matundu ya hewa juu ya boneti, na chini yake sinia la bati huzunguka kabureta. Ukingo wa sinia una mpira, ili boneti ikifungwa injini ivute hewa baridi ya nje. Sinia la Harlan lilikuwa halipo tangu aliponunua gari. Mwaka huu amepata moja, lakini ni la sabini, na kila mtu kwetu anajua kwamba la sabini lina kina kirefu zaidi kwa upana wa kidole, haliingii kwenye sitini na tisa mpaka likatwe. Tunajua kwa sababu Harlan mwenyewe ameandika hivyo kwenye mwongozo wa ukaguzi.

Basi alikuwa amepanga vidonge vya udongo laini ukingoni mwa sinia, ili vikibanwa vimwonyeshe nafasi iliyopo, akashusha boneti taratibu, akaifungua tena aone pa kukata.

"Tazama," akaniambia.

Vidonge vyote vilikuwa vimebanwa sawasawa, unene wa mpira wenyewe.

"Si ndiyo vizuri? Limekaa."

"Halitakiwi kukaa, Verna." Jasho lilikuwa linamtoka. Akanionyesha kibati cha mlangoni chenye mwezi wa kutengenezwa. "Julai. Hili lilitoka wiki za mwisho za toleo la mwaka ule; kiwandani mwaka huisha Julai. Walishaanza kufunga vyuma vya mwaka unaofuata." Akanigeukia. "Lile la Lyle Nowicki, tulilolikata alama, lilikuwa la mwezi gani?"

Fomu zote ninazo mimi, kwenye maboksi. Tuliipata ya mwaka tisini na sita: gari la sitini na tisa, la Julai, na chini yake mwandiko wangu, *Sinia si la mwaka wake. Sifuri.* Siku ile Lyle alikuja na baba yake, mzee Casimir, ambaye ndiye aliyelinunua gari lile likiwa jipya. Mzee alisema halijaguswa. Harlan akamjibu mbele ya watu, "Mzee, kwa umri huo mtu husahau hata alichokula asubuhi." Watu wakacheka. Nami nilicheka, siwezi kudanganya. Lyle hakurudi tena kwenye maonyesho.

Njia ya Bay City, anakoishi Lyle, ni nusu saa, lakini Harlan aliendesha kama anapeleka mayai.

"Nianzeje?"

"Anza na samahani."

"Akinifukuza?"

"Utakuwa umefukuzwa."

"Labda hata hakulitia moyoni."

Nilikuwa naogopa kama yeye. Alisimama kituo cha mafuta kununua maji, akayasahau juu ya paa la gari.

Lyle tulimkuta gerejini kwake, nywele zimekuwa nyeupe. Harlan alivua kofia mlangoni akayasema yote kwa mkupuo, Julai, udongo, sinia. Lyle alimsikiliza huku akifuta mikono. Kisha akafungua boneti ya gari lile.

Ndani kulikuwa na sinia jingine, la kina kifupi, lile ambalo mwongozo wa Harlan unalitaka. Ili likae, Lyle alikuwa amekata mbavu za boneti kwa chini na kuitoboa matundu kumi na mawili ashikize ukingo mpya. Kazi safi. Tungelipatia alama zote.

"Nilikata wiki ile ile," Lyle alisema. "Baba alisimama hapo ulipo wewe, akanisihi. Akasema gari lilitoka dukani hivi hivi. Nikamwambia, Baba, usinitie aibu tena, Harlan Dykstra ndiye anayejua."

Harlan aliikunja kofia mikononi. "Nitausahihisha mwongozo. Nitasimama mbele ya watu wale wale. Na mzee nitamwomba radhi mwenyewe, uso kwa uso, hata leo."

Lyle alishusha boneti kwa mikono miwili, polepole, mpaka ikafunga.

"Hakulipanda tena hili gari," akasema. "Alifariki Novemba ile."