Usafi Mdogo

Nyumbani walimwita Pia tangu akiwa mdogo, kwa sababu bibi yake alisema mtoto huyu hatulii, anazunguka tu kama pia iliyochapwa kamba. Jina likamfuata mpaka kazini. Mgeni akitambulishwa, "Huyu anaitwa Pia," huuliza, "Pia nani?" na mwenyewe hucheka, maana mpaka leo hajapata jibu zuri. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, mwaka wa tisa katika ofisi ile ile, ghorofa ya tatu, meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika vizuri. Akifikiri, husimama. Akikwama, hutembea. Wenzake walishazoea kumwona akishuka na kupanda ngazi mikono mitupu, midomo ikichezacheza.

Lakini wiki tatu kabla ya mkutano, hata waliomzoea waliona kuna jambo. Chai alikuwa anaimimina na kuisahau. Akisemeshwa, huitika "eeh" kabla swali halijaisha.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa waandishi wa programu, watu kama mia nne, siku mbili katika ukumbi wa kukodi. Pia alikuwa ameomba nafasi ya kuzungumza akiwa na hakika watamkatalia. Wakamkubalia. Nusu saa, pamoja na maswali. Mada yake ilikuwa jinsi ofisi yao ilivyotengeneza kengele ya majokofu ya chanjo.

Ilikuwa kazi ya kujivunia kweli. Kila zahanati ina jokofu la chanjo, na chanjo ikipata joto imekufa, ingawa kwa macho huwezi kujua. Basi ndani ya jokofu waliweka kipimo kidogo kinachotuma habari za joto kila baada ya dakika kumi. Programu inazisoma, joto likipanda, simu ya muuguzi inalia. Zahanati sitini na mbili zilikuwa zinaitegemea kengele hiyo, na sehemu kubwa ya programu aliiandika Pia kwa mkono wake.

Shida ilikuwa slaidi ya saba. Kila alipokaa kuandaa mazungumzo, alizipita sita za kwanza kama maji, akifika ya saba anafunga kompyuta na kwenda kwenye ngazi. Slaidi hiyo ilikuwa na maneno mawili tu: "Jumamosi ile."

Jumamosi ile, miaka mitatu nyuma, umeme ulikatika mchana katika zahanati moja na haukurudi mpaka Jumatatu. Kengele haikulia. Muuguzi alipofungua jokofu alikuta kila kichupa kimepata joto la chumba. Chanjo zote zikatupwa, na akina mama zaidi ya thelathini waliokuwa wamedamka na watoto wao wakaambiwa warudi wiki ijayo. Hakuna mtoto aliyedhurika, lakini ofisini moto uliwaka. Kila mtu alitaka kujua ni nani.

Aliyeangukiwa ni Waya. Huyu alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta zinazoendesha programu za ofisi, mtu wa makamo, walimwita hivyo kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Asubuhi ya siku ile alikuwa amezima seva na kuziwasha tena kwa matengenezo, kwa hiyo ikasemwa amesahau kuiwasha kengele. Alipoulizwa alijibu, "Nadhani niliiwasha." Hiyo "nadhani" ndiyo iliyommaliza. Mwezi haukuisha akawa amerudisha funguo.

Miezi miwili baadaye, Pia akitafuta jambo lingine kabisa ndani ya programu, alikutana na mstari mmoja mfupi. Ulisema: kipimo kisipoleta habari, tumia habari ya mwisho. Aliuandika yeye mwenyewe, tena kwa nia njema, ili mtandao ukiyumba kidogo wauguzi wasisumbuliwe bure. Akafungua kumbukumbu za Jumamosi ile. Kengele ilikuwa imewashwa. Ila umeme ulipokatika, kipimo kilizimika pamoja na jokofu, na programu kwa kukosa habari mpya ikawa inairudia ya zamani kila baada ya dakika kumi: joto nyuzi nne, salama, nyuzi nne, salama. Mpaka Jumatatu.

Aliufuta mstari ule, akaweka mwingine: kipimo kikinyamaza, piga kengele. Pale panapotakiwa maelezo ya badiliko aliandika, "Usafi mdogo." Kisha akaenda kunywa maji, na hakumwambia mtu.

Sasa meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akizisoma slaidi kabla ya mkutano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Hii ya saba inaning'inia," alisema. "Andika 'kosa la aliyekuwa mfanyakazi wetu,' halafu upite. Watu wanakuja kuona mafanikio."

"Na wakiuliza ni kosa gani, bosi?"

"Nani atauliza? Mikutanoni watu wanauliza ili wasikike sauti tu."

Pia akacheka, kwa sababu ni kweli. Akayaandika maneno yale kama alivyoambiwa.

Jumapili mchana alifanya mazoezi sebuleni, slaidi zikiwa kwenye televisheni. Mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, alishika saa. Mama mkwe wake, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, alikaa kwenye kochi akishona kifungo cha shati.

Pia akaanza. Alizungumza huku akienda kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi.

"Simama mahali pamoja, mke wangu," mume akasema. "Huko ukumbini watatoka na shingo zimepinda."

Akajaribu kusimama. Mguu ukawa unagonga sakafu wenyewe. Alipofika slaidi ya saba aliipita mbio, akamaliza, mume akapiga makofi. "Dakika ishirini na mbili. Safi kabisa."

Mama mkwe hakupiga makofi. Alikata uzi kwa meno.

"Mwanangu, huyo mliyemfukuza, yuko wapi siku hizi?"

"Sijui, mama."

"Alisahau kweli?"

Pia akakaa chini, jambo ambalo lilimshtua mume wake kuliko kilio. Ndipo akawaeleza yote, mstari, kumbukumbu, na yale maneno mawili, 'Usafi mdogo.' Mume aliichezea saa. "Miaka mitatu," alisema mwishowe, "nikikuuliza una nini, unaniambia kazi nyingi." Aliinuka akaenda jikoni, na Pia akamsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama mkwe alisogeza shati pembeni. "Mimi nimekaa na wanawake wengi walioona aibu kufunuliwa. Niliwaambia wote neno moja: mficha uchi hazai. Ukajifunue, lakini usianzie kwa watu mia nne. Kaanzie kwa huyo fundi mwenyewe."

Haikuwa vigumu kumpata. Waya alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu nyuma ya soko. Pia alikizunguka mara mbili kabla ya kuingia. Alimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa, nywele zimeanza kuwa na mvi.

"Pia! Karibu. Umeharibu simu?"

"Hapana, kaka. Nimeharibu kitu kingine."

Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kujitetea. Waya alisikiliza mpaka mwisho. Aliiweka bisibisi mezani, akaichukua, akaiweka tena.

"Kwa hiyo niliiwasha," alisema.

"Uliiwasha."

"Nilijua niliiwasha. Halafu nikaacha kujua." Sauti yake haikupanda. "Unaelewa, dada? Nikifunga hiki kibanda natembea mpaka kule barabarani, halafu narudi kuangalia kama nimefunga. Kila siku. Mke wangu ananicheka. Watoto wanacheka. Miaka mitatu najiona mtu anayesahau."

Pia alisema, "Naomba unisamehe, kaka."

"Leo sina," Waya akajibu. "Labda siku nyingine. Lakini hayo mazungumzo yako, usije ukanitaja kwa huruma, nikawa kama marehemu. Onyesha mstari. Wale ni watu wa kazi, wakiuona wataelewa." Kisha akairudia ile simu iliyofunguliwa, na Pia akajua amepewa ruhusa ya kuondoka.

Siku ya mkutano alifika saa mbili mapema. Alijaribu kipaza sauti, akajaribu waya wa projekta, akaenda chooni mara nne. Msemaji aliyemtangulia alikuwa kijana mcheshi, ukumbi ukawa unavunjika mbavu, na Pia nyuma ya pazia akawa anahesabu vigae vya sakafu. Meneja alikuwa mstari wa pili, amevaa suti.

Slaidi sita zilikwenda. Ya saba ikawaka ukutani. Maneno 'kosa la aliyekuwa mfanyakazi wetu' hayakuwepo tena. Palikuwa na mstari mmoja wa programu, umekuzwa mpaka unasomeka kutoka mlangoni.

"Huu niliuandika mimi," Pia alisema. "Usomeni kwanza."

Wakasoma. Mahali fulani nyuma mtu mmoja akaguna "aah," na mguno ule ukaenda ukipita viti kwa viti kadiri kila mmoja alivyofika pale mstari ulipokuwa unaelekea. Hakuhitaji kueleza sana. Alieleza umeme, kipimo, na nyuzi nne zilizojirudia. Akasema mtu mwingine aliondoka kazini kwa kosa hili, naye hakuwa na kosa. Akaonyesha badiliko lenye maneno yake mawili. "Niliita usafi," alisema, "na ulikuwa uchafu niliousogeza chini ya mkeka." Alikuwa amekishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

Maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Mwanamke mmoja wa makamo hakuuliza, alisimama tu akasema, "Mimi nina mstari kama huo uko kazini hivi sasa. Naomba nitoke nikapige simu." Akatoka kweli, mkoba ukiwa begani.

Meneja alimsubiri kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ungeniambia kwanza," alisema.

"Ungenikataza, bosi."

"Ningekukataza," alikubali. Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu Pia aliitwa akapewa barua ya onyo. Aliisaini. Kabla ya kuinuka kwenye kiti alisema kwamba anaomba barua nyingine iandikwe, ya kwenda kwa fundi, iseme wazi kwamba hakukosa. Meneja alisema atafikiri. Pia akawa anamgongea mlango kila asubuhi, saa tatu kamili, anasimama pale bila kukaa, mpaka siku ya sita meneja akaiandika, ili apate amani.

Zikapita siku tisa bila neno kutoka kwa Waya. Pia alikuwa anaiangalia simu yake akiwa kazini, akiwa kwenye ngazi, akiwa mezani na familia. Mume wake, ambaye alikuwa ameanza tena kuzungumza naye kama zamani ingawa si kwa yote, alimwambia aiweke simu mfukoni.

Siku ya kumi ujumbe ukaingia.

"Barua nimeipata. Wameandika mimi ni karani. Mimi ni fundi wa seva. Warekebishe."

Pia aliusoma akiwa kituoni, gari lake likiwa limeshafika. Akaliacha liende. Akageuka kurudi ofisini kwa miguu, haraka haraka, kabla meneja hajatoka.